Swali Alilolimeza Bi Mashavu

Saa moja na robo asubuhi, Bi Mashavu Wakil amesimama mbele ya sinki la chumba cha kuoshea vifaa, mikono imo ndani ya glovu ndefu zinazofika kwenye viwiko. Majini umelala mpira mweusi wenye urefu wa mita moja na nusu na ushei, na kwenye ncha yake pana kioo kidogo kinachong'aa. Anaujaza upepo, anainama, anatazama kama panatoka povu, kama fundi baiskeli anayetafuta tundu.

Hakuna povu. "Mzima huyu," anasema, na kuanza kupitisha brashi nyembamba ndani ya mpira, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hii ndiyo kamera inayotumika kuangalia ndani ya utumbo mpana katika hospitali moja ya mjini Unguja, ambayo uongozi wake uliomba isitajwe jina. Bi Mashavu, mwenye umri wa miaka 51, ameiosha hii na zilizokufa kabla yake kwa miaka kumi na tisa.

Leo hana utulivu. Ameshachungulia mara tatu kwenye ukumbi wanakokaa wagonjwa. Wa kwanza katika orodha ya leo ni Mzee Mudrik Ahmada, fundi mwashi wa Mangapwani mwenye umri wa miaka 63, ambaye miezi sita iliyopita alitolewa kinyama kikubwa kilichoota ndani ya utumbo na siku mbili baadaye nusura apoteze maisha. Anarudi kuangaliwa kama kidonda kimepona.

"Kama hakijapona, lawama yangu mimi," anasema Bi Mashavu bila ya kugeuka. "Liandike hivyo hivyo, usilipake sukari."

Ukutani juu ya sinki, sawasawa na macho yake, kimetundikwa cheti ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Si chake. Ni cha Nasima Mbarouk, muuguzi wa miaka 29, aliyepelekwa nje ya nchi kwa miezi mitatu kusomea kazi hii hii ya kamera.

"Msumari ule nliupiga mimi, wa kalenda," anasema. "Siku moja nnaingia, kalenda iko chini, cheti kiko juu. Naambiwa hapana msumari mwengine. Basi kila nikiosha, nnakisoma. Nshakihifadhi mpaka mhuri."

Mwandishi akamuuliza kama anamwonea wivu mwenzake. Hakufikiri hata kidogo.

"Sana. Namwonea wivu mpaka chai hainishuki."

Katika kazi hii ya kuandika maisha ya watu, mwandishi huyu ameshasikia watu wakikiri talaka nne, wakikiri jela, wakikiri hata kuwakimbia watoto wao. Wivu haukiriwi. Ukiuliza, siku zote utaambiwa ni wa mtu wa nyumba ya pili. Ndiyo maana kalamu ilisimama kidogo asubuhi ile, na Bi Mashavu akacheka kumwona mwandishi kashangaa.

Alizaliwa Jang'ombe na sasa anakaa Mpendae. Aliingia hospitalini kama mhudumu wa kufagia na kupiga deki. Daktari wa kwanza wa kamera alikosa mtu wa kumshikia vifaa siku moja, akamwita yeye na fagio lake. Tangu siku ile hakurudi kwenye fagio. Alisomea uuguzi msaidizi kwa mwaka mmoja, akapata cheti kidogo ambacho, kwa maneno yake, "kimekaa kabatini chini ya mashuka".

Kazi aliyoipenda ni moja. Daktari anapokuta kinyama ndani ya utumbo, hupitisha kitanzi cha waya kupitia kwenye kamera na kukizungushia. Lakini daktari mikono yake yote miwili inaendesha kamera. Anayekifungua na kukifunga kitanzi ni msaidizi, aliyeshika mpini nje, akisikiliza sauti tu: fungua, rudi kidogo, funga.

"Ukifunga haraka, unakata kabla ya wakati, damu inaruka. Ukichelewa, kinyama kinateleza," anaeleza. "Mimi nlikuwa nnakihisi kwenye kidole, naam, kama unavyohisi samaki kwenye mshipi. Ule mkono ulikuwa wangu miaka kumi na tano."

Vinyama vidogo havikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa vikubwa, vya ukubwa wa kungumanga na zaidi. Vikiachwa, vingine hugeuka saratani. Vikitolewa, huacha kidonda kipana, na kidonda hicho kinaweza kutulia siku kumi kisha kikaanza kutoka damu mtu yuko nyumbani anakunywa uji. Wagonjwa wa namna hiyo hospitali ilikuwa ikiwavusha bara, au inawapasua tumbo.

Nasima alirudi na dawa ya shida hiyo: vibanio vidogo vya chuma, vifupi kuliko ukucha, vinavyoshika kingo mbili za kidonda na kuzikutanisha. Navyo huendeshwa na msaidizi aliye nje, kwa kufungua, kugeuza na kufunga. Dokta Talib, daktari wa kitengo hicho, anasema vibanio si vya kila kidonda.

"Hasa huvitumia kwa vidonda vikubwa vya upande wa kulia wa utumbo, ambako ndiko damu hupenda kurudi," anasema. "Havizuii kila kitu. Vinapunguza hatari, na kwa mgonjwa anayekaa mbali na hospitali hilo ni jambo kubwa."

Nafasi ya kusoma ilipotangazwa, Bi Mashavu alikuwa wa kwanza kwenda kuuliza. Masharti yalitaka mtu mwenye stashahada, asiyezidi miaka thelathini na mitano. Akasema sawa, akarudi kuosha.

"Nlisema sawa kwa mdomo," anasema. "Yule mtoto mimi ndiye nliyempokea siku ya kwanza, hajui hata kuuvaa mpira wa mikono vizuri. Nlimfundisha kuikunja kamera isivunjike shingo. Karudi, kavaa koti jeupe, ananiambia Bi Mashavu sogea kidogo. Nisogee wapi?"

Akasogezwa kwenye sinki. Mpini ukawa wa Nasima. Na baada ya mpini likaondoka pia benchi.

Benchi lenyewe ni la mbao, liko nje ya chumba cha kupumzikia. Hapo ndipo mgonjwa anapokalishwa kabla ya kuruhusiwa. Kwa miaka yote Bi Mashavu alikuwa akikaa naye, anamweleza ale nini, aache nini, arudi lini. Na siku zote, kabla ya yote, alikuwa na swali lake moja.

"Kwenu nani anakanda?"

Asiyeyajua maisha ya kisiwa hiki ataona ni swali la kupotezea wakati. Lakini kamera huingia na upepo, utumbo unajazwa ili daktari aone. Mtu anatoka tumbo limemvimba, linanguruma. Akifika nyumbani, kabla hajavua viatu, atatokea mtu mmoja, mama au shangazi, aseme tumbo limejaa upepo, mwiteni bibi aje amkande. Bibi atakuja na mafuta yake ya nazi yaliyopashwa moto, atamlaza mgonjwa chali, na atamkanda kwa viganja viwili mpaka chini ya kitovu, kwa nguvu zake zote na kwa mapenzi.

"Mama yangu alikuwa mkandaji, Jang'ombe nzima inamjua," anasema Bi Mashavu. "Ana mkono mama yangu, unamtoa mtu machozi. Sasa mkono ule uweke juu ya kidonda kibichi. Ndo maana nlikuwa nauliza. Hakunifundisha daktari."

Nasima alirudi na karatasi. Aliitafsiri mwenyewe, ukurasa mmoja, yenye kila kitu: usibebe mzigo, usinywe dawa fulani za maumivu, usisafiri mbali, ukiona damu piga namba hii. Chini imeandikwa jina lake. Ilipotoka kwenye mashine, Bi Mashavu aliisoma amesimama, kutoka juu mpaka chini.

"Kiswahili kizuri, siwezi kusema uongo. Kukanda hakumo." Anafungulia maji, anayafunga. "Nliona kama hakumo. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, si amesoma yeye."

Mzee Mudrik alikuja Jumanne moja ya mvua, pamoja na mkewe, Bi Mize. Kinyama chake kilikuwa upande wa kulia, kikubwa kuliko kungumanga. Kazi ilichukua saa moja na dakika ishirini. Dokta Talib alikinyanyua kwa sindano ya maji iliyodungwa chini yake, akakikata kwa kitanzi, na Nasima akafunga vibanio vitano, kimoja baada ya kimoja, bila ya kukosea hata kimoja.

Bi Mashavu alikuwa mlangoni ameshika beseni. "Dokta akasema mbele ya watu wote, Nasima mkono wako mwepesi, sijapata kufanya kazi na mkono kama huo. Sijapata. Na mimi nipo pale nimesimama na beseni, miaka kumi na tano nimemshikia yeye yeye."

Alasiri Mzee Mudrik aliruhusiwa. Nasima alimsomea karatasi yote, pole pole, akampa. Bi Mashavu alipewa kazi ya kumsindikiza hadi nje. Mlangoni mzee alisimama akajishika tumbo.

"Mwanangu, tumbo limejaa upepo hili, utasema nimemeza ngoma," alisema.

Bi Mize akamvuta mkono. "Twende zetu. Tukifika nyumbani tutalishughulikia."

Bi Mashavu anasema neno lile aliliona likipita mbele ya macho yake. Alijua kulishughulikia ni kufanya nini, na alijua nani ataitwa. Alifungua mdomo aulize. Pale pale ikatoka sauti ya Nasima nyuma yake: "Bi Mashavu, mwachie mgonjwa aende, nshampa karatasi yake."

"Nikalimeza," anasema. "Swali lilikuwa hapa." Anagusa koo kwa mkono wenye glovu. "Nikasema haya. Nendeni salama."

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, simu ya kitengo ililia. Nasima alikuwa kaenda kula. Bi Mashavu akapokea, akasikia sauti ya mwanamke ikisema Mzee Mudrik ametoka damu chooni mara tatu na sasa anaona kiza.

"Sikumuuliza jina," anakumbuka. "Nlimuuliza, amekandwa? Akasema, jana na leo asubuhi. Nikamwambia mlete, usingoje gari ya mtu, kodi yoyote, mlete."

Aliletwa amelazwa kiti cha nyuma, midomo myeupe, kanga ya mkewe imefungwa kiunoni imelowa. Aliongezewa chupa mbili za damu. Dokta Talib alirudisha kamera ndani. Vibanio viwili kati ya vitano havikuwepo tena, na pale vilipong'oka palikuwa na mshipa mdogo unatapika damu. Nasima alifunga viwili vipya, na damu ikakatika.

Daktari mwenyewe hataki kulirahisisha jambo hili. "Siwezi kuapa kwamba ni kukandwa," anasema. "Kidonda kikubwa kinaweza kutoka damu chenyewe, hata kimefungwa vizuri. Ninaloweza kusema ni kwamba mtu mwenye kidonda kibichi cha utumbo hakandwi tumbo, na huyu alikandwa mara mbili."

Siku ile, hata hivyo, hakuwa mpole hivyo. Mgonjwa alipotulia alimgeukia Nasima, kwa sababu karatasi ilikuwa yake, akamuuliza alimwambia nini mzee huyu na ilikuwaje akandwe.  Nasima alikwenda chumba cha kuoshea, akasimama chini ya cheti chake akalia.

Hapa mwandishi alimuuliza Bi Mashavu alihisi nini. Alivua glovu moja kabla ya kujibu.

"Nlifurahi," alisema. "Nisikudanganye. Nlisikia raha mwili mzima, kama dakika mbili. Nikasema moyoni, kiko wapi cheti."

Kisha akaenda kubadilisha shuka la mgonjwa. Bi Mize alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anasugua miguu ya mumewe iliyokuwa baridi, na anasema peke yake, bila ya kumwambia mtu: mimi ndiye niliyemwita Bi Duni aje amkande, mimi ndiye niliyemwita. Anajilaumu.

"Pale raha ikanitoka," anasema Bi Mashavu. "Yule mama anajilaumu, yule mtoto analia kule, na mwenye kujua nipo nnakunja shuka. Nikaona mimi ni mtu mbaya. Si mbaya kidogo."

Akaenda mbele ya Dokta Talib na wenzake wote akasema alijua. Kwamba swali lilikuwa lake, kwamba aliiona karatasi haina, kwamba mlangoni alilimeza kwa sababu ya choyo na kijicho. Alitumia maneno hayo hayo mawili. 

Alipewa barua ya onyo. "Nasima ana cheti ukutani, mimi nna barua kwenye mtoto wa meza," anasema. Lakini daktari, akishaisaini, alimpa kalamu ile ile na kumwambia akaliandike swali lile kwenye karatasi. Akaliandika kwa mkono, juu kabisa, kabla ya namba moja.

Jumapili iliyofuata hakupumzika. Alinunua sukari na majani ya chai, akaenda Mangapwani kwa Bi Duni, mkandaji aliyemkanda Mzee Mudrik. Alimkuta kibarazani, akamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa spitali? Umekuja kunifunga?"

Bi Duni, ambaye anakisia umri wake kuwa miaka sabini na kitu, amekanda watu kwa miaka arobaini, na hakufurahi hata kidogo kuambiwa viganja vyake vimemuumiza mtu. Alipozungumza na mwandishi hasira ilikuwa bado haijapoa yote.

"Nlimwambia, nyinyi wa spitali mnatuonea gere, mna wivu," alisema. "Watu wakitoka kwenu hawajapoa wanakuja kwetu, na hilo linakuumeni."

Bi Mashavu anakumbuka kwamba alicheka pale pale barazani, kicheko cha kujicheka. "Nikamwambia, bibi, gere nnalo, tena tele, lakini si la kukuonea wewe. Nikamtajia mama yangu. Akasema, ala, wewe mwana wa yule? Basi mazungumzo yakageuka."

Walikubaliana jambo moja. Mtu aliyetolewa kinyama haguswi tumbo kwa wiki mbili kamili. Anaweza kukandwa miguu, mabega na mgongo wa juu, apate usingizi, na jamaa wasione bibi kafukuzwa. Upepo utatoka wenyewe kwa kutembea kidogo na kulalia ubavu. Bi Duni alikubali kwa sharti kwamba spitali nayo imwambie mgonjwa hivyo kabla hajatoka, isije ikaonekana yeye ndiye aliyegoma.

Tangu siku ile Bi Mashavu amewafikia wakandaji kumi na saba, kuanzia Jang'ombe hadi vijiji vya kusini, na majina yao yamo ndani ya daftari la skuli lenye jalada la kijani. Kila mgonjwa aliyetolewa kinyama kikubwa humpigia simu siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Katika miezi sita wametolewa vinyama wagonjwa thelathini na wanane. Wawili walianza kutoka damu nyumbani, wote wawili wakafika hospitalini siku hiyo hiyo na wakafungwa kidonda bila ya kuongezewa damu.

"Lakini wivu uliondoka?" anauliza mwandishi, akitaraji kusikia habari njema.

"Uondoke uende wapi? Karatasi imechapwa upya, swali langu limekaa namba moja. Tazama chini." Anainyoosha karatasi. Chini imeandikwa: Imetayarishwa na N. Mbarouk. "Swali langu, jina lake. Nlipomuuliza akasema kasahau, zilichapwa mia tano, zikiisha ataongeza jina langu. Basi mimi kila mgonjwa nampa mbili. Moja ya akiba."

Nasima anazijua karatasi mbili mbili hizo, na anazisema akicheka nusu. Ana yake pia ya kusema.

"Nimekaa nchi ya watu miezi mitatu, nimejifunza kufunga kidonda, hakuna aliyenifundisha kuuliza nani anakanda," anasema. "Siku ile nlipomwambia mwachie mgonjwa, mimi ndiye nliyelizuia swali. Hilo nnalijua. Sasa simu ikilia nikipokea mimi, mgonjwa anasema, samahani mwanangu, Bi Mashavu yupo? Vibanio nimetia mimi, anayetafutwa yeye. Unafikiri halinichomi?"

Hata hivyo, kila Jumatatu orodha ikiisha, Nasima hupita sokoni Darajani akanunua utumbo wa ng'ombe. Huusafisha, huutandika juu ya meza, na wawili hao hukaa na vibanio vilivyopitwa na tarehe. Mdogo anaamrisha, mkubwa anafunga.

"Ananifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza," anasema Bi Mashavu. "Bi Mashavu, umegeuza sana. Bi Mashavu, rudia. Dakika ile namchukia, wallahi, na huku najifunza."

Saa mbili na nusu Mzee Mudrik anaingizwa. Amenenepa kidogo, na ananyoosha kidole kumwonyesha Bi Mashavu kabla hajachomwa dawa ya usingizi. "Huyu ndiye anayenipigia simu kuniuliza haja yangu," anamwambia mwandishi. "Hata mke wangu hajapata kuniuliza."

Kamera inaingia. Kwenye skrini utumbo unapita, wa waridi, una mikunjo. Bi Mashavu amesimama pale pale mlangoni aliposimama siku ile, safari hii hana beseni, na mikono yake haijui ikae wapi. Dokta Talib anafika upande wa kulia na kusimamisha.

Pana kovu. Jeupe, limekakamaa, limejivuta katikati, na kwenye ukingo wake kibanio kimoja bado kimeng'ang'ania, kinang'aa.

"Kimepona," anasema daktari. "Tunachukua vipande viwili vya kupima, tuhakikishe hakikubaki kitu."

Nasima amekwisha kupitisha koleo ndogo ndani ya kamera. Anautazama mpini, kisha anageuka. "Bi Mashavu aje ashike."

Bi Mashavu anakuja. Anaupokea mpini kwa mkono wa kulia, na kidole gumba chake kinatafuta mahali pake, kinapaona.

"Fungua," anasema daktari. Koleo inafunguka kwenye skrini. "Sogea. Funga."

Inafunga. Kipande kinatoka, tone moja la damu linaonekana na kukatika. Mara ya pili vile vile. Daktari hasemi mkono mwepesi wala mzito, anaendelea na kazi yake, na Bi Mashavu anaurudisha mpini kwa mwenyewe na kwenda zake kwenye sinki.

"Hata wema wake unaniudhi," anasema akivaa glovu nyingine. "Kitu kilikuwa changu, sasa napewa kama sadaka. Lakini umeona? Umeona kile kidole?" Macho yamemlowa na hayafuti, kwa sababu mikono imeshaingia ndani ya glovu. "Kimepona, yakhe. Kimepona."

Saa nne Mzee Mudrik amekaa kwenye benchi, tumbo limemjaa upepo tena. Bi Mashavu amekaa kulia kwake, Nasima ameleta karatasi na amesimama kushoto. Hakuna aliyemwambia mwenzake asogee.

"Kwenu nani anakanda?" anauliza Bi Mashavu.

"Bi Duni," anajibu Bi Mize badala ya mumewe. "Na tukifika nyumbani hatulishughulikii. Tumbo tunaliacha liseme lenyewe."

Uongozi wa hospitali umeandika barua kuombea Bi Mashavu nafasi ya mafunzo ya wiki sita bara, pamoja na ombi la kusamehewa sharti la umri. Jibu halijaja. Yeye anasema akikubaliwa atakwenda hata kesho, na asipokubaliwa ataendelea na utumbo wa ng'ombe mpaka Dokta Talib achoke kumwona mlangoni.

Kabla ya kuaga, mwandishi aliangalia tena ukuta wa chumba cha kuoshea. Kando ya fremu ya dhahabu palikuwa na msumari mpya, haujatundikwa kitu.

"Huo wangu," alisema Bi Mashavu. "Cheti kikija kitakaa hapo, na yeye akija kuosha akisome."

Mwandishi akamwambia kwamba msumari huo, kwa alivyouona, uko juu kidogo kuliko wa Nasima.

"Nlipima," alisema, akauzamisha mpira majini.